Mume Wangu Amegeuka Mskoti, na Mtoto Hana Jina

Mama Verdiane mpendwa,

Nakuandikia nikiwa bafuni kwa sababu katika nyumba yetu hii ya Guildford, huku kusini mwa dunia, ndipo pekee penye mlango unaofungika, na huko sebuleni mume wangu amevaa sketi ya Kiskoti ya mirabaraba anaongea kwenye Zoom na wazee wa kizungu anaowaita binamu. Naomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri kabla sijapasuka.

Mume wangu ni Gitonga Macintyre, Mkikuyu wa Nanyuki, mimi Jerotich ni Mkalenjini, kwa hiyo kwetu nyumbani ni Kiswahili, na hilo jina la Macintyre alilirithi kwa baba yake, Mzee Kariuki, aliyelirithi kwa babu, na miaka yote halikutusumbua mpaka pale kwenye ghala anakofanya kazi Wetherill Park alipokuja bosi mpya, akasoma orodha ya zamu, akamwangalia Gitonga juu mpaka chini, akacheka mbele ya watu, "You're Macintyre? Nah, mate, where'd you pinch that?" na wiki hiyohiyo lockdown ikaingia, zamu zikakatwa, akabaki nyumbani na laptop na hasira zake. Tangu hapo nimefundishwa historia kuliko nilivyofundishwa shuleni, kwamba Mac maana yake ni "mwana wa", kwamba Macintyre ni mwana wa seremala, kwamba wanasimulia seremala mmoja wa kale ambaye mashua yake ilitoboka baharini, akachomeka kidole gumba kwenye tundu, akakikata na kukiacha palepale ili mikono ibaki huru, na Gitonga aliposoma hapo aliruka kwenye kochi kwa sababu marehemu babu yake naye hakuwa na gumba. "Babe, si unaona? Hata guka hakuwa na thumb! It's in the blood!" Mama, tangu lini gumba lililokatwa likarithiwa?

Sasa mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ana wiki saba, na kuandikisha jina hapa tumepewa siku sitini tu. Kwa desturi ya Wakikuyu anapaswa kuitwa Kariuki, jina la baba mkwe, ambaye ana miaka themanini na tatu na moyo unamsumbua, na kila Jumapili ananiuliza kwenye simu, "Kariuki wangu amelala?" nami najibu amelala, Baba, huku Gitonga ameapa kuwa mtoto ni Hamish Macintyre, full stop.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mwezi uliopita nilimpigia baba mkwe nikamwuliza huyo Mskoti alikuwa nani, akaniambia Makintaya alikuwa mzungu mwenye kiwanda cha mbao, na baba yake yeye mzee, naye akiitwa Gitonga, alikuwa akisukuma magogo pale, na msumeno ndio uliokula hilo gumba, akafukuzwa siku ya tatu bila hata dawa, na kwenye kipande, kile cheti cha kazi cha enzi za mkoloni, karani alikuwa ameandika "Gitonga wa Makintaya" ili akitoroka ijulikane arudishwe kwa nani. "Hiyo 'wa', binti yangu, haikuwa ya mtoto. Ilikuwa kama ya ng'ombe." Akaniomba nisimwambie mwanawe, ataona haya.

Na dhambi yangu ni kwamba Gitonga alitema mate kwenye kichupa cha kupima ukoo, DNA, akanipa ili nikakiposti nikienda kununua nyama Auburn, lakini sikukiposti, nimekificha kwenye friza chini ya mfuko wa mboga za managu, na kila siku namwambia posta inachelewa kwa sababu ya korona. Nivunje siri ya mzee, au ninyamaze mtoto awe Hamish?

Mimi niliyechoka,
Mama Hamish-ama-Kariuki

*

Dada yangu,

Pole kwa uzazi na pole kwa kuishi bafuni. Pole zimeisha, sasa nikuseme.

Toa hicho kichupa kwenye friza leo. Mate ya mume si mboga. Karani wa mkoloni alimwachia Gitonga uongo, na wewe umemwongezea wa pili. Mwambie "sikuposti", mwache afoke, na akitaka akiposti mwenyewe. Miguu anayo na sketi yenyewe ni nyepesi.

Halafu unaniuliza kama uvunje siri. Siri gani? Umeniambia mimi, nami nimeichapisha. Aliyebaki hajui ni mumeo peke yake!

Gitonga ananiudhi, lakini namwelewa. Mtu akiulizwa mbele ya wenzake jina ameliiba wapi, atatafuta ushahidi hata penye ukungu. Mimi mwenyewe nilipotoka Kivu, ofisa aliandika kituo tulichopandia lori kama jina langu la ukoo, na wanangu watatu wanaitwa hivyo mpaka leo. Iliniuma sana. Ila sijawahi kwenda kutafuta binamu pale kituoni. Waskoti wana seremala wao na heshima yao, hawajatukosea kitu. Lakini "wa" ina kazi nyingi, kuna mtoto wa mtu na kuna mbwa wa mtu, na aliyeishika kalamu hakuwa babu. Aibu hapa ni ya mwenye msumeno. Siku bosi akiuliza tena jina lilitoka wapi, Gitonga ana jibu: babu yangu alilitolea kidole. Tuone kama atacheka.

Ila si wewe wa kumwambia. Mpigie mzee kwanza, peke yako, umwambie waziwazi: Baba, ukinyamaza mtoto ataitwa Hamish. Kisha mpigieni kwa video saa kumi na mbili jioni ya huku, kwao ni saa tano asubuhi, mpe Gitonga simu, na wewe uende jikoni ukae hukohuko. Usimsaidie mzee maneno. Macintyre ibaki kwenye fomu, imeshakuwa yenu kwa jasho. Hamish ni jina zuri, mpeni paka.

Na msingoje Jumapili. Ndege hazitoki, na mzee moyo wake ni mgonjwa. Fomu imewabakizia siku kumi na moja. Yeye hatujui amebakiza ngapi. Kabla hamjakata simu, mwiteni mtoto kwa sauti, Kariuki, na mmwache mzee aitike.