Wa Nne Kutoka Chini

Basi Braza Deo alivyotaja jina lako, mamdogo, mie nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Niliiachia, ikawamwagikia watu mpaka kwenye viatu.

Nakwambia kwa sauti, natuma kwenye namba yako ileile. Kuandika si unajua mwenyewe.

Ni leo asubuhi, hapa ofisini Gongo la Mboto, kwenye kikundi ulichoniingiza cha kujitolea kuhudumia wazee wagonjwa majumbani. Braza Deo, msimamizi wetu, alikuwa anasoma masaa ya kila mtu ya mwezi huu kwenye tableti. "Musa, sifuri." Watu wakacheka. Mama Neema akasema, "Sifuri za shule zimemfuata mpaka huku." Nikacheka na mie Musa mwenyewe. Halafu Deo akasoma, "Mwanaidi, masaa themanini." Hapo ndo nikaachia ndoo.

Mamdogo, tumekuzika. Mie mwenyewe niliingia kaburini kukupokea. Arobaini yako tumeshasoma. Sasa themanini za nini?

Nikawaza labda unakujaga bila sie kukuona, unamfulia yule babu wa relini shuka zake. Nikatamani iwe kweli.

Deo akamgeukia Zuhura. Humjui huyo, ndo kachukua nafasi yako, na tableti inakaa mezani kwake. "Binti, unachezea jina la marehemu? Na Musa anayebeba maji kila siku umemwekea sifuri?" Zuhura akaapa haki ya Mungu. Akaambiwa saa kumi kuna kikao, aje arudishe kitambulisho. Nikamuona anatoka kandambili ziko mkononi, haoni hata anakanyaga nini.

Mie nikainama kuokota ndoo. Hapo ndo nikakumbuka kidole chako.

Siku ile ya kwanza nilisimama mbele ya ile tableti, majina yamejipanga kama siafu, natoka jasho tu. Hukumwambia mtu sijui kusoma. Uliniinamia ukasema, "Telezesha mpaka mwisho. Hesabu kutoka chini, moja, mbili, tatu, nne. Huyo ndo wewe. Gusa ukiingia, gusa ukitoka, upite, usisimame hapo kama mwizi." Lako lilikuwa la tatu, chini ya langu. Ukasema hata humo ndani umekaa mlangoni kwangu, nisiogope.

Walivyoenda kunywa chai nikaisogelea tableti. Nikahesabu nne, nikaweka kidole. Safari hii sikukiondoa. Kumbe ukilishika jina inatokea picha. Mie siku zote nilikuwaga nagusa nakimbia.

Ukatokea wewe. Na ile kanga ya njano.

Nikahesabu tena, nikaelewa. Zuhura alivyoandikishwa, jina lake lilienda mwisho kabisa, sie wote tukasogea juu. Na wewe hakuna aliyekuwa na moyo wa kukufuta. Kwa hiyo wa nne umekuwa wewe, mie wa tano. Mwezi mzima mie ndo nakuingiza kazini, mie ndo nakutoa. Kila ndoo niliyobeba imeandikwa kwako.

Nilitaka kunyamaza, mamdogo, sikufichi. Nikisema, Mama Neema amepata ya kucheka mwaka mzima. Wewe ndo ulikuwa unanifichia, na sasa haupo. Lakini yule binti ameapa jina la Mungu mbele ya watu, hajaaminiwa, na mwenye kosa nilikuwa nimesimama palepale na ndoo.

Nimekutumia sauti nyingine kabla ya hii, tiki moja tu mpaka leo. Sikulaumu. Lala, mamdogo wangu, wazee wako hawajalala na kiu hata siku moja. Nakuahidi, aibu ikiisha, nitamwomba Zuhura anifundishe jina langu nilijue kwa sura yake, sio kwa kuhesabu. Akikubali. Na lako nitaomba nilifute mie, asilifute mtu mwingine.

Ila leo asubuhi nilikuingiza, na mpaka sasa hujatoka. Nikiingia kikaoni nakutoa kwanza, upumzike, halafu ndo naongea. Acha niende, saa kumi inakaribia, na Zuhura nimemuona anapita na kitambulisho mkononi.