Mpagazi na Kile Kigari

Jumatatu, 2 Juni

Nimeosha madumu yote. Yako juani nyuma ya nyumba, midomo chini. Warina asali wangu wa kule kijijini, mbele ya Usinge, wameshaanza kupanda miti. Wamepiga simu. Njoo mapema mama, kabla ya yule wa lori. Yule wa lori ni mnunuzi mwenzangu. Anapimia ndoo iliyotanuliwa. Simchukii. Namdharau tu.

Mpagazi amewaka baada ya kubembelezwa. Ni pikapu yetu, na ana umri wa kuwa na wajukuu. Jina nililiandika mwenyewe juu ya kioo, kwa rangi nyeupe, nikiwa bado na nywele nyeusi. Asali yangu ndiyo iliyomnunua. Kadi ina jina la Gervas, mume wangu, kwa sababu siku ya kuandikisha mimi nilikuwa porini nanunua asali. Ujinga wangu wa kwanza.

Goti limeuma asubuhi. Si habari.

Jumatano, 4 Juni

Nimempeleka Mpagazi kuongeza upepo. Gervas alisimama mlangoni akiniangalia ninavyopanda, kama mtu anayesubiri basi. Hakuja hata kufungua geti. Tangu astaafu hana kazi isipokuwa maoni.

Jioni akauliza, "Goti vipi?"

Nikamwambia, "Goti gani?"

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa, kikao cha jumuiya kimefanyika kwetu. Gervas kasimama mbele ya watu na chai yangu mkononi, akatangaza kwamba mtu wa umri wake anahitaji gari la heshima. Hakuniuliza. Watu wakapiga makofi. Watu wa jumuiya yetu wanapigia makofi chochote kinachosemwa kwa kusimama.

Wakati wa kuosha vikombe akaja dalali wa magari kutoka mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Wanamwita Injinia. Nina hakika hajawahi kufungua nati. Suruali imembana, viatu vina ncha, simu mbili na zote zinalia. Akanipa shikamoo ya haraka haraka, kama mtu anayelipa nauli. Kisha akamzunguka Mpagazi akipiga tairi teke. Teke! Gari lililobeba asali, mahindi, mabomba ya kisima cha kijiji, maharusi, na maiti karibu wote wa mtaa huu.

"Mama, hili ni la makumbusho," akasema.

Gervas akacheka. Mimi nikamwangalia mpaka akaacha kucheka.

Jumatano, 11 Juni

Nilikwenda sokoni kununua kitambaa cha kuchujia asali. Niliporudi Mpagazi hayupo. Mahali pake kuna kigari. Rangi ya uji wa jana. Kimelala chini, kobe angelazimika kuinama kupita.

Gervas akasema, "Nimebadilisha." Basi. Neno moja kwa miaka yote ile. Ametoa Mpagazi na kuongezea fedha kutoka kiinua mgongo chake, na Injinia kamkabidhi hiki.

Nimemuuliza asali nitaibebea wapi. Akafungua buti akanionyesha. Buti linatosha madumu machache na aibu.

Nina hasira. Kalamu imetoboa karatasi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeyarudisha madumu ndani, matupu.

Jumamosi, 14 Juni

Harusi ya mtoto wa jirani. Tumekwenda na kigari. Ukikiwasha, mwanamke wa ndani ya dashibodi anaongea Kijapani. Gervas anamjibu. "Ahsante," anasema, kila mara, bila utani. Miaka yote mimi nimeongea naye Kiswahili na sijapata hata moja ya hizo.

Redio haishiki stesheni hata moja ya hapa, inakoroma tu. Ukifungua kioo, Gervas anasema vumbi. Kiti kiko chini, unakaa tu kama unayekaa kwenye kigoda, hushiki mlango, huvuti kitu. Hata hilo limenikera.

Jirani yetu Bi Tatu alikuwa kiti cha nyuma. Bi Tatu ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu na hana adabu kwa haki. Babu zetu walipita kwao na mizigo ya wenye misafara wakielekea pwani, na utani huo haujaisha mpaka leo. Njia nzima ameuliza kama tumeshafika sebuleni, maana gari hili anaona limekaa mkao wa kochi. Gervas akakaza macho barabarani. Mtani hakasirikiwi. Nilifurahi sana.

Jumanne, 17 Juni

Warina asali wamepiga tena. Lori limeonekana Urambo, litakuja kwao. Watanisubiri mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi, na hawana kosa. Asali iko kwenye ndoo zao, nyuki hawajui habari za gari la heshima.

Nikikosa msimu huu nimewapoteza. Wakishamzoea mwingine hawarudi. Nimewajenga watu hawa kwa miaka, nimekula ugali kwao, nimewazikia. Bila wao mimi ni mwanamke mwenye madumu matupu na mume anayesalimiana na gari.

Gervas kasema, "Tutakwenda na hili." Ameipita njia ile maisha yake yote. Ni kwao. Anajua kwamba ukiacha barabara kubwa baada ya Usinge ni mchanga mtupu mpaka mlangoni kwa mama yake. Anajua, na amesema hivyo hivyo.

Alhamisi, 19 Juni

Mama mkwe amefariki alfajiri, hospitalini hapa hapa Tabora, alikoletwa jana kutoka kijijini.

Nilimpenda. Alikuwa na ulimi kuliko mimi. Akipanda Mpagazi alikaa mbele, kioo wazi, kitambaa kichwani, na hakumpungia mtu mkono. Walipungia wao.

Vijana wa mtaa walikuja mchana kumwandaa Mpagazi, kwa mazoea tu. Hata hawakubisha hodi. Wakasimama uani na matambara na ndoo ya maji, wakiangalia kigari. Mmoja akauliza, "Mama Leti, Mpagazi yuko wapi?" Nikawaelekeza kwa Gervas. Gervas akaangalia viatu vyake.

Gari la kubebea mama limekodiwa kwa mtu asiyemjua mama. Dharau niliyonayo leo haitoshi kwenye karatasi.

Jumamosi, 21 Juni

Tumezika. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha marehemu, nje ya jiko lake.

Gari la jeneza lilikuwa mbele, sisi nyuma. Mpaka Usinge tulikwenda vizuri. Tulipoacha barabara, kigari kikaenda kama mtu aliyevaa viatu virefu shambani, kikayumba, kikazama. Tairi zikachimba, tumbo likakaa juu ya mchanga. Mwanamke wa Kijapani akasema kitu. Safari hii Gervas hakumjibu.

Gari la jeneza likapotea mbele. Mtoto mkubwa wa marehemu amekwama na suti yake. Watu wakatoka msibani kuja kutusukuma, wazee kwa vijana, wakaacha maiti peke yake na wanawake. Padri alisubiri. Kaburi lilisubiri. Tulipoingia uani, tulikuwa tumesukumwa mpaka mlangoni kama mkokoteni wa kuni.

Kisha Bi Tatu akafanya kazi yake. Jeneza liliponyanyuliwa akalala njiani kifudifudi, mbele ya wabebaji, kanga yote mchangani. Akaanza kuunguruma. Akatoa sauti nyembamba ya Kijapani ambacho si Kijapani. Akajikongoja hatua moja, akakwama, akalia kuomba kusukumwa. Uwanja mzima ulicheka, mpaka wenye kulia. Nami nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, namshukuru Mungu mama mkwe hakukosa hilo.

"Wapagazi gani nyie!" akapiga kelele. "Babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka kwetu kwa miguu! Leo mmeshindwa kumbeba mama yenu na gari mnalo! Hapiti mtu mpaka nipewe changu!"

Kila mtu anajua kinachofuata. Unatoa sarafu, au kuku, mtani ananyanyuka, mnakwenda kuzika. Gervas naye anajua. Ameliona jambo hilo tangu anatambaa. Lakini alikuwa ameshasukumwa, ameshachekwa, jasho limelowesha suti. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kigari, akautupa mchangani mbele ya Bi Tatu. "Chukua basi!"

Wote wakauangalia ufunguo. Hata watoto.

Bi Tatu akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akanyanyuka, akapisha njia. Tukazika.

Baada ya maziko Gervas akamfuata na noti mkononi, anatabasamu vibaya. Bi Tatu hakuziangalia. Baba mdogo wa Gervas, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akasema kitu kilichotolewa msibani kwa mtani hakirudi mpaka kikombolewe kwa anachotaka mtani mwenyewe. Wakamuuliza anataka nini.

"Nirudi Tabora na Mpagazi," akasema Bi Tatu. "Kiti cha mbele. Kioo wazi."

Wakamtaka Gervas aeleze mbele ya ndugu, kwa nini alimtoa Mpagazi kwa kitu kile. Walikuwa wanamwonea, na nilitaka waendelee. Gervas aliniangalia mara moja, kisha akaangalia kaburi. Wakasema ni majivuno ya uzee. Akakubali kwa kichwa.

Jumapili, 22 Juni

Gervas amepanda treni Usinge kurudi Tabora, suti ile ile. Hakuaga vizuri.

Jumanne, 24 Juni

Kuku wanalala juu ya kigari. Mmoja ametaga kwenye kona ya kioo. Hatimaye kimepata kazi.

Wanaume wa hapa wanakuja kukitazama wakishika viuno. Bi Tatu anatembea na ufunguo pindoni na anawatoza kucheka. Warina asali wamekuja kunipa pole. Wamesema lori liko kijiji cha jirani. Nimesema tu Gervas ameenda kumchukua Mpagazi, nikajisikia nimesema uongo. Injinia si mtu wa kurudisha kitu. Na Gervas si mtu wa kusema "nilikosea". Hajawahi.

Goti limevimba. Ni kukaa chini sana msibani.

Alhamisi, 26 Juni

Nilimsikia kabla sijamwona. Hakuna gari jingine linalokohoa vile. Alipita kwenye mchanga ule bila hata kupunguza mwendo, jina lake juu ya kioo, na watoto wa kijiji wote nyuma yake wakikimbia. Nililia. Sijali aliyeniona.

Gervas alikuwa kwenye usukani. Pembeni Injinia, amenuna, vumbi mpaka kwenye kope. Hakumpata mteja hata mmoja. Mpagazi alikuwa amekaa Ng'ambo kwenye jua muda wote huu, na watu wanapita wakimsalimia. Hasara ipo, Gervas ameibeba kimya kimya na sitamuuliza.

Bi Tatu akamkabidhi Injinia ufunguo, na yai. Injinia akaondoka na kigari chake bila kunywa hata maji. Hakufika mbali. Tulisikia tairi zikilia mchangani, kisha tukasikia akiita watu. Walikwenda, lakini walimaliza chakula kwanza.

Jioni nimepata asali yote. Wameileta wenyewe, ndoo baada ya ndoo, madumu aliyoyaleta Gervas yamejaa. Lori lilifika wakati wa kufunga kamba. Nilimpungia mkono mwenye lori kwa heshima zote.

Ijumaa, 27 Juni

Tunaondoka asubuhi hii. Umande bado uko kwenye mashada ya kaburini. Bi Tatu ameshakaa mbele, dirishani, kioo wazi. Amevaa kitambaa cha mama mkwe na hampungii mtu.

Nilizunguka gari ili nipande upande wa dereva, nipite mpaka katikati. Chini ya mlango kuna kitu. Nondo mbili na kipande cha bati, vimechomelewa, kimo cha kigoda. Kikanyagio. Hakikuwepo zamani.

Gervas alikuwa anakaza kamba ya madumu. Alisema bila kugeuka, "Nilichoka kukuona unavuta mlango kwa mikono miwili. Kwenye kile kigari ulikuwa unakaa tu."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia ni kwa ajili ya goti, ungekubali?"

Nisingekubali. Ningemwambia goti gani. Kwa hiyo akawaacha watu waseme ni majivuno, mbele ya kaburi la mama yake, na akakubali kwa kichwa.

Nilitazama kile kikanyagio. Kimechomelewa vibaya. Kimepinda upande mmoja, na fundi hakusugua hata kutu kabla ya kupaka rangi. Mtu yeyote Ng'ambo angefanya vizuri zaidi.

Nimekikanyaga. Kimenibeba.