Msaidizi wa Wakili Sabir

Sakina, acha unachofanya usome. Wakili Sabir kaumbuka leo, nimeshuhudia mwenyewe!

Si unajua alivyoajiri msaidizi wa mtandaoni, Naima, ambaye hajawahi hata kuonana naye? Eti watu wa Lindi hawana siri, bora binti wa Dar.

Leo kaja mteja, Bi Somoe wa Milola, aliyemshtaki kaka yake kwa shamba la mikorosho. Sabir kwa maringo kapiga simu, kaweka spika. "Naima, mweleze mama tulivyojipanga kwenye kesi yake."

Halafu kasauti kadogo: "Shikamoo, shangazi."

SHANGAZI, Sakina! Ni binti wa huyo huyo kaka anayeshtakiwa!

Sabir jasho linamtiririka. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza Kiingereza tu, bosi. Kwetu hukuniuliza."

Bi Somoe hata hakumtazama wakili. "Marahaba. Baba yako anasemaje?"

"Amechoka, shangazi. Anasema uje mgawane."

"Mwambie nakuja."

Kachukua mkoba, huyo kaenda zake! Sabir kabaki ameikodolea macho simu. "Sasa na mimi?"

Naima, kwa adabu zote za ofisini: "Nikutafutie mteja mwingine, bosi?"