Kicheko Katika Nyumba ya Eda

Kwako Zuhura, dada yangu uliyelazwa Kidichi,

Kitabu kimerudi. Si kile chetu. Kile kilichomwa moto nyuma ya kituo cha polisi pamoja na vyenzake. Hii ni nakala nyingine, rafiki kaniletea kutoka Misri, kaificha ndani ya gunia la mchele. Iko mbele yangu ninapokuandikia, na serikali ya Mwingereza bado imeipiga marufuku.

Unakumbuka tulivyokianza. Mumeo alikuwa ndiyo kwanza kazikwa, nawe umekaa eda katika chumba chako cha juu kule Kiponda, hutoki, hujitii manukato, huonani na mwanamume ila sisi maharimu zako. Asubuhi wanawake walikuja wakalia na wewe, wakaondoka. Mchana ukabaki wako peke yako, na kofia unazozishona. Siku moja ukaniambia, "Nshachoka kutazama boriti. Nisomee kitu. Lakini kisiwe cha mauti, hayo nnayo."

Nikakuletea kile, alasiri, kimo ndani ya kanzu. Nilijiambia hakuna mahali salama zaidi Unguja nzima. Askari gani atathubutu kugusa mlango wa mwanamke aliye kwenye eda?

Ilikuwa hadithi ya mwanamke mchuuzi wa mboga. Mfalme wa nchi yake ametoza kodi kwa kila jogoo atakayewika kabla yeye mfalme hajaamka, na mwanamke yule kakataa kumlipia jogoo wake, kaenda kumshitaki mfalme. Mimi nilisoma Kiarabu na kukufasiria, na kwa kuwa huwezi kumsoma mfalme kwa sauti ya mchuuzi, nilimpa kila mtu sauti yake. Mwanzo ulitabasamu tu. Kisha ukaanza kujiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Siku jogoo alipoletwa mahakamani kutoa ushahidi, ulicheka mpaka sindano ikakutoka mkononi, na mimi nikanyamaza nikusikilize, maana tangu msiba sikuwa nimekisikia kicheko chako.

Bi Mwanaidi alikisikia pia. Dirisha lake na lako, unajua, kichochoro tu kati yake. Mjane anacheka, hilo peke yake lingetosha. Lakini alisikia na sauti zangu, ya mfalme, ya hakimu na ya karani, akaenda kumwambia mumewe, "Mle ndani mna wanaume watatu. Mmoja mtu mzima kabisa." Mumewe akaenda polisi.

Inspekta alipiga hodi ngazini, askari wawili nyuma yake, akasema wanatakiwa wanaume watatu walioingia kwa mjane. Ukamjibu kutoka nyuma ya pazia, kwa adabu zako zote, "Hapa yupo ndugu yangu wa tumbo moja, na jogoo."

"Jogoo gani?"

"Muulize mwenyewe, anasomwa."

Ndipo macho yake yalipoangukia kitabu mapajani pangu, na jina lake alikuwa analijua, limebandikwa ukutani ofisini kwake. Aliyekuja kutafuta uzinzi akapata uchochezi, na nadhani alifurahi zaidi.

"Afande," ulisema, "hakimu hajatoa hukumu. Ngoja basi tumalize."

"Hukumu itatoka," alisema.

Nikiteremshwa ngazi uliniita. "Mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Yule mwanamke atashinda. Hakimu keshacheka, na mtu akishacheka hawezi tena kumfunga mwenzake." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu.

Hukuiona kesi yangu. Nilimuuliza mwendesha mashtaka kama amekisoma kitabu. Akasema hakukisoma, kimepigwa marufuku. Nani basi aliyekisoma akajua kina sumu? Mkubwa wake. "Na mkubwa wako hajambo?" nikamuuliza. "Sumu haijamdhuru?" Hakimu, Mzungu yule mwembamba, alicheka. Nilimwona, alijificha kwa leso. Nikakumbuka maneno yako, moyo ukatulia. Kisha akaikunja leso, akanipeleka jela.

Homa ilikuchukua eda yako haijaisha. Niliambiwa baada ya maziko.

Nilipofunguliwa, Bi Mwanaidi alikuja mlangoni kwangu, akasimama, hakutaka kukaa. Yeye ndiye aliyekuuguza, na yeye ndiye aliyekuosha. "Mwanangu," alisema, "siku zake za mwisho alikuwa akiniuliza, atashinda? Mimi simjui nani, namwambia, atashinda, mama, atashinda. Nani huyo?" Nikamsimulia habari ya jogoo. Alicheka kidogo, kisha akalia, na mimi nikalia naye.

Nimeandika mengi magazetini juu ya marufuku hizi, na wenye hasira nami wameandika zaidi. Wanasema serikali inawalinda wanyonge, wajane na wasiosoma. Wewe ulikuwa mjane, na Kiarabu hukijui zaidi ya kile cha msahafuni. Walikulinda na nini? Na kicheko. Wakakuacha na boriti.

Lakini kwako sitajifanya shujaa. Juzi nimefika ukurasa wa mwisho, peke yangu, na niliposoma nikatamani nichane zile karatasi. Nikawaza: lau angekuwapo, ningembadilishia. Ningefasiri vingine, asingejua. Mimi, niliyesimama mahakamani nikasema hakuna mtu mwenye haki ya kumkatia mwenzake kitabu. Sasa nadhani hata mkubwa wa yule mwendesha mashtaka alianza hivi hivi, kwa huruma. Huruma inayomwona mwenzio mdogo kuliko wewe, hawezi kuubeba ukweli unaoubeba mwenyewe.

Ulimzika mume na watoto wawili. Ungeubeba.

Basi sikiliza, dada. Hakimu alicheka mpaka kilemba kikamwanguka, na mahakama nzima ikacheka naye. Akafuta machozi. Akaamuru jogoo aachiwe. Mwanamke afungwe.

Hakushinda, Zuhura.

Mdogo wako wa tumbo moja