Jicho la Kushoto la Kibonge

Kwako kaka yangu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, zikukute umeketi, maana ukiwa umesimama najua goti litakujibia wewe. Linasemaje siku hizi? Bado linatabiri mvua? Mimi huku ni mzima, ukiacha meno mawili ya nyuma yaliyoondoka mwezi uliopita bila kuaga. Mama mwenye nyumba anasema natafuna kama mbuzi. Nimemwomba asimvunjie mbuzi heshima.

Barua yako niliipata Jumatatu iliyopita. Nimefurahi mno kwamba mwanangu anaolewa, na kwamba kijana mwenyewe ni fundi wa mabomba. Nyumba yao haitavuja, au ikivuja watajua wamlaumu nani. Nimesoma na ile sehemu ya mwisho, uliyoiandika kwa herufi ndogo kana kwamba unainong'oneza karatasi. Kwamba mama yake bibi harusi, shemeji yangu, yule tuliyemwondoa nyumbani kwako mwaka tuliomzika mtoto, ameomba aje siku hiyo akae na binti yake. Kwamba baba mkubwa na shangazi wameshasema asije, na limebaki neno langu. Umeandika kwamba neno langu ndilo zito, kwa kuwa hata mwaka ule ndilo lililofunga kikao. Unalitaka kabla kadi hazijachapwa.

Nitakupa, kaka. Ila itabidi univumilie kurasa mbili tatu, kwa sababu jibu langu linapitia kwa mdoli. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe hunikatiza nikifika katikati, nami hushukuru.

Nimepata kazi. Cheka upesi tuendelee. Kuna vijana watatu wamepanga vyumba viwili juu ya duka la matairi, wanatengeneza mchezo wa kompyuta. Ni mchezo wa kuogofya: unatembea ndani ya kiwanda cha midoli kilichofungwa, taa zinakufa moja baada ya nyingine, na nyuma yako kuna mdoli mkubwa kama kabati anakutafuta. Niliwauliza raha iko wapi hapo. Wakanieleza kwamba raha ni kuogopa ukiwa umekaa kwenye kiti. Nikawaambia nimefanya hivyo miaka ishirini na sita kila nilipoitwa ofisini kwa msimamizi, na raha sikuiona.

Walinitafuta mimi kwa sababu mdoli wao ni Kibonge. Jina hilo niliahidi kutolitaja mbele yako, na nimelishika miaka kumi na tisa, leo nisamehe. Ni yuleyule wa kiwandani kwetu, wa bluu, tumbo mbele, macho mawili meusi ya plastiki. Wabunifu walisema ni dubu, wauzaji wakasema ni mbwa, watoto hawakuuliza. Mchoraji wa hawa vijana alimwokota kwenye lundo la nguo za mitumba, hana jicho la kushoto, akampenda hivyo hivyo alivyo. Akamchora na tundu usoni, akamwongezea meno, ambayo Kibonge hakuwa nayo kamwe, kisha wakaanza kuulizia nani aliwahi kufanya kazi pale. Mlinzi wa zamani akawaelekeza kwangu. Alisema mimi ndiye niliyebaki mwenye kumbukumbu. Alimaanisha wengine wamekufa.

Mwandishi wao ni binti mwenye miwani mikubwa, rika la mwanetu. Ananiita mzee na kunikalia kooni kwa maswali. Alinieleza kwamba katika michezo ya namna hii adui hawezi kuwa mbaya tu hivi hivi, lazima awe na historia, wachezaji wanaidai. Alikuwa na tatu mkononi. Ya kwanza, mchawi alifukiwa chini ya kiwanda. Ya pili, roho ya mtoto iliingia kwenye pamba. Ya tatu, moto uliwaunguza wafanyakazi wote. Nikamwambia kiwandani kwetu hapakuwahi kuungua kitu zaidi ya uji wa kantini. Akashusha miwani, akasema, "Basi mzee, nani alimharibu huyu?"

Nikawaeleza kazi yangu, ambayo hata wewe ndugu yangu hujawahi kuniuliza vizuri. Ulikuwa ukiwaambia watu nachezea midoli.

Jicho la Kibonge lina mguu. Mguu unapenya kitambaa, kwa ndani unavalishwa washa, ile pete ya kubana, mashine inagandamiza, basi, halitoki. Jicho la kulia liliwekwa meza ya kwanza, la kushoto meza ya pili, kwa mashine nyingine. Kisha anakuja kwangu mkaguzi. Katika kila hamsini nachukua mmoja, nambana kichwa kwenye jiliwa, lile koleo la chuma lililofungwa mezani, nalitundika jiwe la kilo tisa kwenye jicho, nahesabu mpaka kumi. Likishika, boksi zima linapigwa mhuri: IMEPITA.

Sasa sikiliza hili, kaka, ndilo lenyewe. Jiliwa letu lilifungwa karibu mno na ukuta. Mdoli ukimbana kawaida, jicho la kulia linakuja kwako na la kushoto linautazama ukuta. Ili upime la kushoto, ulipaswa kumfungua, kumgeuza miguu juu, kumbana upya. Mzee aliyenifundisha kazi hakumgeuza. Aliyemfundisha yeye hakumgeuza. Nilipouliza siku ya kwanza, aliniambia macho yote yametoka mfuko mmoja, nisitafute kazi ambayo haikunitafuta. Wakaguzi wanne, miaka yote hiyo, tulipima jicho moja tukaapia mawili. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu. Tulikuwa watu makini sana, tulifuta jiwe vumbi kila asubuhi.

Yule binti aliacha kuandika. Aliniuliza kama mashine ya meza ya pili iliwahi kuwa na kasoro. Nikamjibu kwamba mashine zote huchakaa. Basi akaruka kitini kama aliyeumwa na siafu, akasema hiyo ndiyo historia, haihitaji mchawi. Mdoli ametoka kiwandani na cheti, akakumbatiwa na mtoto, na jicho ambalo hakuna aliyelipima likamponyoka. Hakutaka kumdhuru mtu. Anarudi kumtafuta aliyempiga mhuri, na kila anayemkuta ndani ya jengo anadhani ndiye. Wenzake wakapiga makofi. Nami nilipiga, kaka. Mikono yangu ilipiga yenyewe.

Wameijenga sawasawa. Wameweka meza yangu, jiliwa, hata kikombe changu kilichovunjika mkono. Mkaguzi wamemchora na masikio yangu, ila wamempa kitambi ambacho sina, nadhani ni cha bosi wao. Nilimuuliza binti mwisho wake ni nini. Nilipendekeza mkaguzi afungue mlango atoke, awaambie watu alichofanya. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo haina msisimko, wachezaji wataudhika. Wameweka moto. Moto wao umeshinda.

Wiki iliyopita waliniomba nimtolee sauti huyo mkaguzi, maneno machache tu. Waliniingiza kwenye kichumba kama kabati, walichokibandika magodoro ukutani, wakanivalisha visikilizio masikioni. Nilitakiwa kusema, "Limepita mikononi mwangu. Haliwezi kutoka." Nikasema. Mara moja tu. Kupitia kioo cha mlangoni niliona binti ameshika mdomo. Aliniambia baadaye kwamba amewasikiliza waigizaji wengi, hakuna aliyewahi kudanganya kwa utulivu namna ile bila hata mazoezi.

Sikuigiza. Nimewahi kuyasema maneno hayo, sebuleni kwako, mbele ya baba mkubwa, shangazi na wewe.

Sasa kaa vizuri.

Kibonge yule nilimleta mimi. Unakumbuka, nilimleta nimembana kwapani, mtoto alikuwa na mwaka na miezi minane, akamdaka kabla sijavua viatu. Nikajisifu kwamba hii ni bidhaa niliyoikagua mwenyewe. Miezi minne baadaye mlimkuta mtoto na jicho la kushoto kooni. Na kwa kuwa jana yake shemeji alionekana barazani na mkasi na sindano, Kibonge mapajani, watu waliunganisha wenyewe. Yeye alisema alishona sikio tu, jicho hakuligusa. Alisema hivyo mara ngapi, kaka? Mimi nilihesabu saba, halafu nikaona aibu kuhesabu.

Mtoto tulimzika Jumanne. Alhamisi, saa ya chakula, wenzangu wakiwa kantini, nilitoa midoli kumi kwenye boksi la toleo lile lile. Nikaigeuza mmoja mmoja miguu juu. Nikalitundika jiwe kwenye jicho la kushoto. Wa kwanza likashika. Wa pili likashika. Wa tatu lilitoka nikiwa nimehesabu nne, likaviringika mpaka chini ya kabati, nikapiga magoti kulitafuta. Katika kumi yalitoka manne. Niliyapeleka kwa msimamizi kwenye kiganja. Aliyatazama, akafunga mlango, akasema jiliwa litahamishwa jioni hiyo hiyo, mashine itatengenezwa, na macho hayo niyatupe. Akaniuliza kama bado naipenda kazi yangu. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayekuuliza unataka sukari ngapi.

Kikao kilikuwa Jumamosi. Baba mkubwa alinigeukia akasema, wewe ndiye mjuzi wa vitu hivi, jicho la kiwandani laweza kutoka lenyewe? Shemeji aliinua uso. Alikuwa hajainua uso siku nne. Alinitazama kama mtu aliyeona msaada unakuja, alijua ukweli wake na alidhani mimi wa kiwandani ndiye nitakayeusema. Nikasema, limepita mikononi mwangu, haliwezi kutoka mpaka lichezewe.

Nilijua, kaka. Nilijua tangu Alhamisi. Sikukosea, sikuteleza ulimi, nilidanganya. Baba mkubwa akakohoa, na hicho kikohozi ndicho kilichokuwa hukumu. Kabla ya adhuhuri shemeji alikuwa ameondoka na begi moja, na binti yako wa miaka mitano akishikiliwa na shangazi ili asimkimbilie.

Ungependa sababu, nami nimezitafuta miaka kumi na tisa nikakosa moja ya kukupa bila kuona haya. Niliogopa kazi, ndiyo. Lakini zaidi nilikuogopa wewe. Niliona kwamba mtu mmoja katika chumba kile lazima apoteze, na nikachagua asiwe mimi. Kiwanda kilifungwa miaka sita baadaye, msimamizi akafa kwa ugonjwa wa kawaida kabisa, na hakukuwa tena na wa kumwogopa. Bado nikanyamaza. Mpaka binti wa watu akaniuliza nani alimharibu mdoli, na nikajikuta nawaambia wageni watatu juu ya duka la matairi kile ambacho sikukuambia wewe.

Kwa hiyo neno langu uliloliomba ni hili: aje. Na asije kama mtu aliyehurumiwa, aje kama mama mwenye binti. Mkisema kuna mtu asionekane harusini, mnajua sasa ni nani, nami sitabisha. Itisha kikao, nitakuja na basi la Jumapili asubuhi, niyaseme haya kwa mdomo mbele ya wale wale. Ukitaka kunipiga, goti lako lisikuzuie, nitasogea karibu.

Jambo moja bado. Shemeji nimemwandikia barua yake, yenye haya yote na jina la kila mtu aliyekuwepo. Ya kwake niliiposti Ijumaa, yako naiposti leo Jumatatu. Nilipanga hivyo makusudi. Nakujua wewe, ungesema tulinyamazie kwanza mpaka harusi ipite. Na najijua mimi, ningekubali.

Nisalimie baba mkubwa, na shangazi, na majirani wote wanaonikumbuka kwa wema. Wape salamu leo, kesho huenda wasizipokee. Mama mwenye nyumba wangu naye anakusalimu, hajui lolote. Mwanangu bibi harusi usimwambie haya wewe, wala mimi sitamwambia. Mama yake yupo, atamwambia.

Ni mimi,
mdogo wako.