Alichoogopa Kusema Kemunto

Jumatatu, 3 Machi
Ukungu tena. Umelalia mashamba ya chai hadi saa tatu. Kiwanda chetu kidogo hapa Nyaramba kilikuwa kama kinaelea. Nimekagua mashine, nimeandika waliochelewa. Wawili. Nimewakaripia mbele ya wenzao. Wiki ya sita nikiwa meneja. Nikiingia, akina mama wanaochambua chai hunyamaza. Nadhani ni heshima.

Jumatano, 5 Machi
Kemunto ameumia. Mkanda unaosafirisha majani umemvuta kidole, ukakivunja. Miaka kumi na mmoja kazini, hajawahi kuumia. Nimemfunga kidole kwa leso yangu. Hakulia. Nikamuuliza kwa nini hakusema mkanda una hitilafu. Akaikaza leso kwa meno. Nimempeleka hospitali Kisii mwenyewe. Migomba ilipita dirishani polepole, kama ndotoni.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi anasema mkanda umekuwa ukikwaruza tangu wiki jana. Wote walisikia. Nimemuuliza Nyaboke, jirani wa Kemunto pale mezani.
"Mwezi uliopita alisimamisha mashine, bosi. Ukamwambia kama amechoka aende kupika kwake. Nani angesimamisha tena?"
Nayakumbuka maneno hayo. Hata nilicheka.

Ijumaa, 7 Machi
Sikula. Naona aibu. Nilitamani ukungu uingie ofisini unifunike.

Jumapili, 9 Machi
Nimeenda kwa Kemunto na sukari na mkate. Mumewe alinikaribisha bila kutabasamu. Kemunto alikuwa anamenya ndizi kwa mkono mmoja, kisu amekibana kwa magoti. Nimeomba msamaha. Aliendelea kumenya. Kisha:
"Hapa umenikuta na mume wangu tu. Yale maneno uliyasema mbele ya watu."
Nimerudi kwa miguu hadi barabarani. Sikusikia hata ndege.

Jumatatu, 10 Machi
Kabla ya mashine kuwashwa nimewakusanya wote. Nimesema nilichomwambia Kemunto, neno kwa neno. Nimesema kidole kile kimevunjika kwa sababu yangu. Kwamba yeyote anaweza kusimamisha mashine, bila kuniuliza. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alikohoa. Wakarudi kazini.

Alhamisi, 13 Machi
Saa nne Nyaboke amesimamisha mashine, anasema amesikia mkwaruzo. Fundi amepekua kila mahali. Hakuna kitu. Nusu saa imepotea, majani yanarundikana, macho yote kwangu. Hasira ilinipanda. Nikaimeza.
"Asante, Nyaboke. Ukisikia tena, simamisha tena."
Nimekaa ofisini nikitazama ukuta, nikajihisi mwepesi ajabu.

Jumanne, 15 Aprili
Mvua ya mawe mchana. Umeme umepotea. Tumetoka wote barazani kutazama chai ikigeuka nyeupe, kilima baada ya kilima. Hakuna aliyekuwa na haraka. Kemunto amerudi kazini jana. Kidole hakikunjiki vizuri, lakini anasema kitazoea. Amekuja akasimama kando yangu.
"Bosi," akasema, "paa linavuja juu ya meza yetu. Tangu mwaka jana."
Nikaenda kutafuta ndoo.