Nilificha Magodoro Wageni Walipokuja

Mpendwa Mshauri, sijui nianze kwa kuomba msaada au kwa kuomba radhi, kwa hiyo nitasema tu yaliyotokea nawe utajua la kunifanya. Mimi ni matroni katika kituo cha serikali cha kulaza watu wasio na makazi, huu ni mwaka wangu wa saba, na kabla ya kuajiriwa nililala hapo hapo miezi minne na binti yangu, baada ya mume wangu kufariki na mashemeji kubadilisha kufuli nikiwa bado nina nguo za msiba mwilini, na matroni aliyenipokea mlangoni hakuniuliza kitu, alinipa godoro na shuka akasema, "Karibu dada, lala upande wa ukutani, hakuna upepo."

Kituo kina vitanda arobaini lakini tunalaza watu tisini na zaidi, kwa hiyo wanaobaki hulala ukumbini kwenye magodoro ya sponji, tunayatandika jioni na kuyaondoa asubuhi, na kina mama wenye watoto wachanga tunawaweka chumba cha kufulia kwa sababu kuna joto. Mwezi uliopita tukaambiwa kamati ya bunge inakuja kuona kazi yetu kabla ya kupiga kura ya bajeti, na mkurugenzi akatuita akasema mgeni haonyeshwi jikoni, wakikuta msongamano watasema tumeshindwa kazi, wakikuta usafi watatuongezea fungu, na nisikudanganye Mshauri, nilimwamini, tena mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kushika ufagio. Tukapaka chokaa, tukaazima mapazia, magodoro yote nikayasukumia stoo na kufunga kwa funguo, halafu nikawatangazia watu wangu watoke mapema wasionekane mpaka saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa wananiheshimu walitoka bila kelele, na watoto wao, na mifuko yao. Mvua ilinyesha kutwa.

Waheshimiwa walifika saa nne asubuhi wakakuta vitanda arobaini vimetandikwa, shuka hazina hata mkunjo, na mmoja wao, mama mwenye sauti ya upole, akaniuliza, "Matroni, watu wako wako wapi?" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikajibu, "Wengi wameshapata nyumba zao, mheshimiwa." Wakapiga makofi, wakanipa mkono mmoja mmoja, na kusema kweli nilifurahi.

Kuna mzee tunamwita Fundi Saa, hulala ukumbini, godoro la tatu kutoka mlangoni, ametengeneza saa za watu kibandani kwake miaka thelathini mpaka macho yakamwisha na kodi ya pango ikamshinda, na siku hiyo miguu haikumfikisha mbali, alikuwa amejibanza nje chini ya dirisha la ukumbi, akasikia kila neno. Jioni alipoingia koti lilikuwa linachuruzika maji, nikampa taulo, akalipokea kwa mikono miwili akasema, "Hongera, mwanangu. Nimesikia nimepata nyumba." Siku ya nne kifua kilimbana, sasa yuko wodini.

Ripoti ya kamati imetoka. Inasema uhitaji umepungua, mpango umetimiza malengo, fedha zake zipelekwe kwingine, na kituo chetu kimetajwa kuwa mfano wa kuigwa. Kura ni wiki tatu kutoka leo. Nilimwambia mkurugenzi twende tukaseme ukweli, akanijibu, "Ukienda, nenda na virago vyako," maana chumba ninachoishi na binti yangu ni cha kituo, na binti yuko mwaka wa mtihani. Nikinyamaza, watu tisini wanarudi barabarani, nikisema, ninawatangulia mimi. Nifanye nini?

Matroni Asiyelala

*

Matroni,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika, na ninakujibu nikiwa na hasira bado, kwa sababu nikingoja ipoe kura itakuwa imeshapigwa.

Unaniambia uko njia panda. Hauko njia panda. Fedha zikikatwa kituo kinafungwa, na kituo kikifungwa, chumba chako kinafungwa nacho. Utatoka kwa vyovyote. Unachochagua ni kutoka ukiwa umesema au ukiwa umejikausha. Huyo mkurugenzi anakutishia kukutoa kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe ameshaing'oa paa.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Ninyi mlikuwa na ugonjwa wa kuonyesha, daktari akaja hadi mlangoni, mkampokea kwa mapazia ya kuazima. Na tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, wewe ukawatoa wenyeji mvuani ili mgeni apendezwe. Mwingine angeniandikia haya ningesema hakujua. Wewe ulijua. Wewe ulipewa upande usio na upepo na mtu ambaye hakukuuliza kitu. Sitakufariji kwa kusema yaliyopita si ndwele. Haya ni ndwele, na mgonjwa yuko wodini.

Hata hivyo mzigo huu wote si wako. Watu wazima, wenye elimu zao, wameingia nyumba ya kulaza watu saa nne asubuhi, wakakuta hakuna aliyelala, wakaenda kuandika kwamba uhitaji umepungua. Hakuna aliyeomba stoo ifunguliwe. Hakuna aliyeuliza kwa nini daftari la kuandikisha wanaolala ni nene kuliko idadi ya vitanda. Wewe ulidanganya, ndiyo, lakini uliwadanganya watu waliokuwa wanatafuta wa kuwadanganya. Kilemba cha ukoka walikuvisha, na wewe ukainama ili kikukae vizuri.

Sasa sikiliza. Chukua kalamu leo, si kesho. Mwandikie mwenyekiti wa kamati, nakala kwa yule mama mwenye sauti ya upole, nakala kwa mbunge wa eneo lako, na nakala kwetu gazetini, mhariri nimeshamwambia anitengee nafasi. Sentensi ya kwanza iwe hii: "Siku mliyotutembelea niliwaficha watu." Usianze na masikitiko makubwa wala taadhima. Eleza nani alitoa amri na nani aliitii. Ambatisha nakala ya daftari la wanaolala, la usiku wa kabla ya ziara na la usiku wa siku yenyewe, majina ufunike, idadi iache wazi. Halafu waombe warudi bila kuarifu mtu, saa kumi na moja jioni watu wanaporudi kulala, wasimame karibu na stoo wakati magodoro yanatoka. Usiwaombe huruma, huruma wanayo tele kwenye misiba yenye kamera. Waombe fungu la makazi libaki pale lilipo, uyaandike maneno hayo hayo, maana mheshimiwa asipoambiwa waziwazi afanye nini, hufanya lililo rahisi.

Kuhusu chumba chako, kabla hujapeleka barua mpeleke binti kwa mtu unayemwamini akae mpaka mtihani uishe, umweleze na sababu, ameshakuwa mkubwa na godoro la ukumbini analikumbuka. Onana na chama cha wafanyakazi wakuandalie mtu wa sheria. Siwezi kukuahidi kwamba hutafukuzwa. Nadhani utafukuzwa. Nakuambia hivyo kwa sababu umeshadanganyana na watu vya kutosha mwaka huu.

Na ninyi wengine mnaosoma hapa mkitikisa vichwa, mkisema matroni gani huyu, mbunge wenu ana ofisi na ofisi ina mlango. Kila mmoja wenu yuko kodi mbili tatu tu kutoka kwenye ukumbi huo. Mwandikieni naye, mmwambie mnajua kura ni lini na mtasoma alivyopiga. Asiyeandika asije akaniletea barua ya kulia mwaka kesho, sitaijibu.

Lakini ukishaiandika barua, kabla hujaipeleka popote, Matroni, nenda wodini. Usiende kusamehewa, mzee ana kifua kinachombana, hana pumzi ya kupoteza kwa ajili ya dhamiri yako. Msomee barua. Muulize kama naye angependa kuiandikia kamati barua yake mwenyewe, na kama macho hayamruhusu, wewe uwe mkono wake, uandike anachosema bila kumrekebisha. Barua yoyote rasmi inadai anwani ya mwandishi. Hapo usiandike ya kituo. Andika anapolala: sakafu ya ukumbi, godoro la tatu kutoka mlangoni. Mbele ya kamati ulisema amepata nyumba, basi waambie iko wapi.